Nimetembea Kondele kwa kompyuta

Wadau, mkipata kompyuta na bando, fungueni Google Maps, mburute yule mtu mdogo wa manjano mumwangushe Kondele, hapa Kisumu, mtaona picha za barabarani zilizopigwa na gari la kamera la Google (Street View). Mimi nilianzia hapo, nikateremka na barabara ya Jomo Kenyatta polepole kuelekea Kibuye, nikisoma vibao vya maduka.

Kando ya barabara nikamwona mama anageuza samaki kwenye karai. Uso wameutia ukungu, kama nyuso zote na namba za magari, lakini leso ile na mkono ule kiunoni! Nimekula kwake miaka mingi, siwezi kumkosea. Kibanda chenyewe siku hizi hakipo. Kwa hiyo angalieni mwezi na mwaka wa picha, na mahali gari la kamera limepita tena, fungueni na za zamani.

Kinachoniuma ni vichochoro vya Nyalenda. Gari haliingii, basi ni kama hatuishi huko. Ila Google hupokea pia picha za nyuzi 360, zinazoonyesha pande zote, za watu wa kawaida. Nani ana kamera hiyo? Jumamosi niko tayari, tuanzie upande wa Ring Road.