Nyumba ya bei ya mahamri na mbaazi

Euro 1 ni kama shilingi 150. Hapa Malindi hizo ni mahamri na sahani ya mbaazi, na chai ukibembeleza. Kwa hesabu hiyo mimi na dada yangu tukajitia kununua nyumba ya mawe ya orofa mbili, iliyotangazwa kwa euro hiyo 1, katika kimji cha milimani, bara ya Sicilia, kisiwa cha Italia. Wa kulaumiwa ni sisi wenyewe, na yule mteja wangu Mtaliano aliyeniambia, huku akinywa dafu, "Unapaka rangi tu, unahamia."

Nyumba iko kwa jina la dada, kwa kuwa ameolewa huko na ana pasipoti ya huko. Mimi nilikwenda kwa visa ya siku 90. Anayedhani kununua nyumba Italia kunampa ukaazi, asahau. Visa hiyo hairuhusu kibarua pia, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuelekeza kwa kidole. Kwa mtu aliyepiga plasta miaka ishirini kutoka Maweni hadi Watamu, hiyo ni adhabu.

Ile euro 1 ni ya tangazo. Mji wa Sambuca di Sicilia ulianza 2019 kwa euro 1, tena kama bei ya kufungulia mnada. 2021 ikawa 2, 2024 ikawa 3. Mji wetu ulitaka dhamana ya euro 5,000, inayorudi ukimaliza ukarabati ndani ya miaka 3. Kisha kodi ya usajili: 9% ya thamani iliyoandikwa serikalini, au 2% ikiwa ni makao yako ya kwanza na umehamishia ukaazi wako katika mji huo ndani ya miezi 18. Lakini haishuki chini ya euro 1,000, hata nyumba iwe ya euro 1. Juu yake kuna kodi mbili ndogo za hati, euro 50 na 50 nyingine. Notaio, yule wakili wa hati, alichukua elfu mbili na ushee. Asiyejua Kitaliano analipia na mkalimani. Dada anakijua kuliko wenyewe, hapo tukaponea.

Kabla ya kutia saini, lipa geometra, mpimaji wao, akutolee karatasi ya umiliki. Nyumba tuliyoipenda mwanzo ilikuwa na warithi tisa, wawili wako Argentina. Mtu wa Pwani haelezwi habari za mirathi isiyogawanywa. Tukaiacha siku hiyo hiyo. Ya pili, hii tuliyonunua, choo kiliongezwa bila kuchorwa kwenye ramani. Jengo lililoanza kabla ya tarehe 1 Septemba 1967 halidaiwi kibali cha ujenzi siku ya hati, lakini choo cha miaka ya themanini kinadaiwa. Mwuzaji asahihishe kabla, kwa pesa yake. Baadaye ni yako.

Darini kulikuwa na tangi la maji la lita 500, la kijivu, zito. Shemeji alitaka kulipiga nyundo alitoe vipande vipande. Nikamshika mkono. Ni asbesto, Italia iliipiga marufuku 1992, na ukiivunja ndiyo vumbi lenyewe la kuua. Anaitwa mwenye leseni, anapeleka mpango wa kazi kwa idara ya afya, mnasubiri siku 30, ndipo wanakuja na mavazi yao meupe. Euro mia nane hivi, kwa tangi tupu.

Kichochoro chetu hakifiki mita mbili, kama vile vya Lamu, ila punda hakuna. Lori halikanyagi. Vifusi vinatolewa na kigari cha magurudumu matatu, Piaggio kama tuktuk zetu za hapa, na kila safari ina karatasi yake hadi jalala lenye kibali. Safari kumi na moja, kila moja sitini au sabini. Jukwaa la mafundi nalo likisimama njiani linalipiwa kodi ya manispaa, kwa mita na kwa siku. Fundi akichelewa wiki tatu, kodi haichelewi.

Sasa ukuta. Ubavu mmoja wa nyumba umeungana na gofu la nyumba ya jirani, na katika mbwembwe zote za "nyumba ya bure" hakuna aliyenitajia jirani. Septemba fundi wa pale alipiga plasta ya simiti, sentimita 2, laini kama kioo. Nikaona, nikaona haya ya ugeni, nikanyamaza. Nilirudi Malindi. Desemba dada ananitumia picha: plasta imevimba kama andazi, inabanduka vipande vya upana wa sahani, na nyuma yake chumvi nyeupe kama sufi.

Aliyewahi kugusa nyumba kuukuu ya matumbawe anaijua picha hiyo. Ukuta wa mawe na chokaa unanywa maji na kuyatoa. Ukiuziba kwa simiti, maji yanahangaika ndani yakitafuta pa kutokea, yamebeba chumvi, na chumvi ikikauka nyuma ya plasta inaganda na kuisukuma.

Pale wakamshauri dada achome mashimo chini ya ukuta atie dawa ya kuzuia maji ya ardhini, euro elfu tatu. Nikamwambia angoje. Bandika kipande cha nailoni, nusu mita kwa nusu mita, ziba kingo zote kwa utepe, uache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumba, ni pumzi na mvuke wa jikoni, fungua dirisha. Yakiwa upande wa ukuta, maji yamo ukutani. Yalikuwa upande wa ukuta. Nikamwambia sasa apande ngazi, abandike kila mita moja kwenda juu. Kadiri alivyopanda, matone yalizidi! Maji ya ardhini hayafanyi hivyo. Paa la gofu lilikuwa limeanguka, kichwa cha ukuta wetu kiko wazi, mvua yote inaingilia juu. Elfu tatu zingezama chini, na juu kukabaki bomba.

Dawa ilikuwa kofia: chokaa, vigae, na ukingo wa bati uliotokeza sentimita 5 kila upande. Mia nne, pamoja na barua ya manispaa, maana mwenye gofu hapatikani.

Kisha simiti yote ilibanduliwa hadi jiwe, viungo vikafukuliwa, chumvi ikapigwa brashi kavu. Usiioshe, maji yanairudisha ndani. Ukuta ukaachwa uchi kiangazi kizima. Niliporudi tukaagiza chokaa asilia, ile ya nguvu ya 3.5, sehemu moja kwa mchanga tatu, kila mkono usizidi sentimita moja na nusu, gunia bichi juu yake siku kadhaa, na isipigwe baridi ikishuka chini ya nyuzi 5. Ukuta wa mita za mraba 30, unene sentimita 3, ulikula mifuko kumi ya kilo 25, bei mara mbili ya simiti. Fundi akanicheka, akasema hiyo ni kazi ya enzi za babake. Nikamuuliza nyumba ya babake ilianguka? Akachanganya chokaa.

Kodi ya nyumba inadaiwa Juni 16 na Desemba 16. Wakati haikaliki, dada aliitangaza hivyo, ikakatwa nusu, wengi hawaombi. Umeme wa asiye mkaazi una ada kubwa zaidi, na maji ya bara ya Sicilia ni ya zamu, kwa hiyo nunua tangi na pampu usibishe. Mbona hata hapa tunajaza mitungi.

Ukinibana jumla nitasema elfu arobaini na kitu, na jiko bado ni la meko mawili. Dhamana ilirudi miezi saba baada ya geometra kupeleka cheti cha mwisho, ikaishia kwenye mifereji ya paa.