Siku Moja Maishani Mwangu: Kadi ya Michoro Inayogoma Ikishawekewa Draiva

Saa 2:30 asubuhi. Nashuka mwendokasi Gerezani na kukata mitaa ya Kariakoo hadi ofisini kwangu, yaani meza mbili, feni na rafu ya pawasaplai zilizokufa. Mlangoni kuna kijana kapakata kompyuta ya mezani. Anahariri video za harusi, na kazi ya watu inatakiwa kesho kutwa.

"Shikamoo fundi. Hii kadi bila draiva inawaka vizuri tu. Nikiweka draiva, basi."

Ni kadi ya michoro, ile inayotengeneza picha za kwenye skrini: RX 580 ya kampuni ya AMD, GB 8, kanunua mtumba. Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi kikamilifu. Fundi wa kwanza kampigia Windows upya, hali ikabaki ileile. Niseme ukweli, tabia hii ya kupiga Windows kwa kila ugonjwa inanikera. Mteja anapoteza faili zake na kadi hata haijafunguliwa.

Saa 3:00. Namweleza kwa kifupi. Kabla ya draiva, Windows inaitumia kadi kiduchu, kuonyesha picha tu. Draiva ikiingia ndipo kasi ya memori inapanda, umeme unavutwa, na BIOS ya kadi, yaani programu ndogo iliyohifadhiwa ndani yake, inakaguliwa. Gari bovu nalo hunguruma vizuri likiwa limesimama. Mlima ndio unaosema. Kwa hiyo mara nyingi draiva haijaua kitu, imefichua tu.

Saa 4:00. Nachomoa waya wa intaneti kwanza, maana Windows ina kiherehere cha kujiwekea draiva yake wakati wewe unahangaika na yako. Nawasha kwa hali salama (Safe Mode), nasafisha mabaki yote ya draiva za zamani kwa DDU, programu ya kufuta draiva, naweka draiva mpya ya AMD. Skrini inafumba, inarudi na maandishi makubwa yaliyovimba. Kwenye orodha ya vifaa, alama ya njano na Code 43, yaani Windows imeizima kadi kwa sababu ya hitilafu. Kadi hii peke yake inaweza kula wati 185, kwa hiyo nabadilisha pawasaplai nikate shaka. Bado 43.

Saa 5:00. Nafungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, na hapo napata ninachokitafuta. Chipu ya RX 580 ya kawaida hufika kasi ya 1340 MHz. Hii imeandikwa 1150, huku memori imepandishwa kupita kiwango chake. Huo ni mkono wa mchimbaji wa sarafu za mtandaoni: anashusha kasi ya chipu apunguze bili ya umeme, anakaza memori achimbe zaidi. Sarafu ya Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, kadi za aina hii zilimwagika kwenye soko la mtumba duniani kote, nyingi zikiwa bado na BIOS iliyochezewa. Draiva ya AMD ikiona sahihi ya BIOS hailingani, inaikataa kadi. Wachimbaji wenyewe walikuwa na programu ya kuiziba macho draiva. Mnunuzi hapewi siri hiyo.

Saa 6:15. Anaingia mama mmoja na kadi ya mwanawe, imeandikwa GTX 1050 Ti. Ugonjwa uleule. Hii siichomeki hata kwenye mashine. Naitazama nyuma na kuona tundu la VGA, lile la waya wa monita za zamani. Kizazi hicho cha kadi za NVIDIA kiliondoa kabisa mawimbi ya VGA, hivyo tundu lile halina kazi pale. Namchomekea basi, aone mwenyewe: GPU-Z inaandika FAKE mbele ya jina, na chini yake ni chipu ya zamani yenye viini vya kuchakata 192 badala ya 768. Wamebadilisha jina ndani ya BIOS, basi.

"Sasa itatengenezeka, mwanangu?"

"Hapana mama. Irudishe ulikoinunua leo leo, na risiti." Sikumtoza kitu.

Saa 7:00. Wali maharage, harakaharaka.

Saa 8:00. Kurudi kwa RX 580. Pembeni, karibu na bati la matundu, ina kiswichi kidogo kama punje ya mchele, kwa sababu kadi hii ina BIOS mbili. Nazima mashine, nakisukuma kwa ncha ya bisibisi, nawasha. Code 43 tena: mchimbaji kazichezea zote mbili. Waya wa monita nauhamishia kwenye ubao mama, nahifadhi nakala ya BIOS iliyopo, kisha natafuta ya asili inayolingana na toleo la kadi na aina ya memori. Chipu za memori za hii zimetengenezwa na Hynix. Ukiweka BIOS iliyotengenezwa kwa Samsung pekee, unaweza kujitafutia skrini nyeusi. Umeme Kariakoo hauaminiki, kwa hiyo kila kitu kiko kwenye UPS ndipo naflashi, yaani naandika BIOS ya asili kwenye kadi, upande mmoja tu wa swichi. Wa pili nauacha ulivyo, uwe pa kurudia.

Saa 9:20. Draiva inaingia. 1340. Nabadilisha pesti ya kupitisha joto iliyokauka kama chokaa, naiacha kwenye jaribio zito huku nikitengeneza printa ya mtu.

Saa 11:00. Joto limetulia kwenye nyuzi 74, hakuna madoa kwenye picha. Kijana anafika na flashi yenye harusi ya watu, anataka kuona video ikirenda, yaani ikitolewa kuwa faili kamili, hapahapa kabla hajalipa. Sawa, ni haki yake. Anauliza kama itadumu. Namwambia imeshafanya kazi usiku na mchana kwa mtu mwingine, waranti yangu ni ya mwezi mmoja.

Kabla sijafunga kava nabandika selotepu juu ya kile kiswichi na kuandika kwa kalamu nyekundu: USIGUSE. Atakigusa tu.