Kukaza cheni ya pikipiki mwenyewe
Weka stendi kubwa, gia huru, injini imezimwa. Sukuma cheni juu na chini katikati ya sproketi mbili, yaani magurudumu ya meno yanayoshika cheni mbele na nyuma. Ikicheza milimita 20 hadi 30, iache. Zungusha tairi upime sehemu kadhaa, maana cheni hailegei sawa, na uipime pale ilipokaza zaidi.

Ikizidi, legeza nati ya ekseli ya nyuma, kisha kaza nati za kuvutia, zile zinazorudisha tairi nyuma, robo mzunguko kwa zamu, kulia na kushoto. Alama zilizo kando ya ekseli pande zote zilingane, la sivyo tairi litakaa upande na cheni itakula sproketi. Usiikaze cheni kama kamba ya kuanikia nguo: abiria akipanda hujivuta zaidi, beringi zikafa.

Kaza ekseli, kisha legeza breki ya nyuma ya dramu kidogo, kwani tairi likirudi nyuma fimbo ya breki hiyo huvutika. Mafundi wengi husahau hapo.