Lori la mninga na rangi nyekundu

Desemba 1999, Tabora. Karakana ya mjomba ilikuwa chini ya mwembe tu, turubai juu, benchi la randa, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Mi nlikuwa likizo, nna miaka 12. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miezi tisa, meno ndo yanaota, kila anachoshika kinaenda mdomoni, na mjomba akawa anamtengenezea lori kwa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kitanda cha mteja. Boneti ndefu kama zile Bedford za zamani, bodi nyuma, matairi aliyatoa kwenye mchi uliovunjika, anaukata vipande kama muhogo halafu anatoboa katikati.

Kwangu lilishaisha, limebaki rangi tu, na pale pembeni palikuwa na kopo la rangi ya mafuta nyekundu iliyobaki kwenye geti la mtu. Mjomba akasema hapana, hili halipakwi rangi, kazi bado. Akaenda mjini kununua misumari.

Nikapaka. Boneti, bodi, mpaka matairi, tena nene kweli, likang'aa, nikaliweka katikati ya benchi alione akirudi.

Hakunipiga wala hakufoka. Alilishika kwa vidole viwili, rangi ikamganda, akaniuliza taratibu, "Mjomba, mwenzio akilitia hili mdomoni atakuwa anakula nini?" Sikuwa na jibu. Habari za madini ya risasi kwenye rangi za mafuta, jinsi yanavyoharibu ubongo wa mtoto, nimekuja kuzijua ukubwani. Yeye nadhani hata jina la hiyo sumu hakulijua, alijua tu kwamba rangi ya geti hailiwi.

"Itoe yote."

Rangi ambayo haijakauka inaziba msasa papo hapo, kwa hiyo tulifuta kwanza na kitambaa chenye mafuta ya taa, tukaliacha likauke mpaka kesho yake, ndo akanipa kipande cha kioo cha dirisha amekizungushia kitambaa upande wa kushika, akanionyesha namna ya kukilaza kidogo na kukivuta, kinatoka kiganda chembamba chekundu kama cha kitunguu. Nilikwangua kutwa nzima. Kwenye kona za bodi pakagoma, akapachokonoa yeye kwa patasi. Matairi hakuhangaika nayo, mbao iliyokatwa kichwa inakunywa rangi hadi ndani, akayatupa akakata mengine manne. Hiyo iliniuma kuliko yote maana mchi ulibaki kijipande tu.

Sasa ndo nikaiona ile kazi aliyosema bado. Msasa namba 80, kisha 120, kisha 220, umeviringishwa kwenye kibao, unafuata nyuzi za mbao usizikate. Kona zote ziwe mviringo. Nikajua basi, kumbe akachukua kitambaa chenye maji akalilowesha lori zima akalianika, lilipokauka nikaligusa, limeota vinyweleo kama kidevu cha mzee aliyenyoa juzi! Maji yanaamsha nyuzi, na yeye alitaka ziamke mikononi mwetu zisije zikaamkia kwenye ulimi wa mtoto. Tukapiga tena 220. Mwisho pamba, unaipitisha kila mahali taratibu, ikinasa hata kidogo ujue hapo pana kibanzi, unarudia. Ilinasa mara tatu, zote chini ya bodi ambapo hakuna ambaye angeangalia.

Nta ilikuwa ya nyuki, kwa Tabora hiyo haikosekani. Kijiko kimoja cha nta kwa vitatu vya mafuta ya alizeti, ndani ya kikopo kilichokaa kwenye sufuria ya maji ya moto, maana ukiiweka juu ya mkaa hivihivi inaweza kushika moto. Tukapaka na kipande cha kanga ikiwa vuguvugu, na ule mninga uliokuwa umepauka kwa vumbi, jamani, ukageuka hapohapo, kahawia yenye wekundu, mistari inajitokeza mmoja mmoja mbele ya kitambaa. Matairi yalikunywa mara tatu ndo yakashiba. Ekseli tukazisugua sabuni ya kipande zisilie.

Mkesha wa Krismasi akapewa. Hakulisukuma hata kidogo, moja kwa moja boneti mdomoni, anatafuna mate yanachuruzika hadi kifuani. Nikamfuta kidevu kwa kidole nikakisogeza kwenye taa nikikague. Mate matupu.