Tsho Rolpa: mfereji upo, ving'ora vilikufa

Tsho Rolpa ni ziwa la milimani Nepal, linalotishia kupasuka na kugharikisha vijiji vya chini. Kuliendea, Kathmandu hadi Charikot ni kama kilomita 130, lakini usijipangie kufika mapema. Unaanza na barabara ya Araniko waliyoijenga Wachina, kisha unashika ile ya Jiri, kazi ya Waswisi. Juni hadi Septemba, msimu wa monsuni, vifusi hushuka barabarani na magari hulala foleni. Sisi tulikwenda Oktoba.

Mbele ya Singati ikabaki miguu: Simigaon, Beding, kisha Na, mita 4,180. Ukishavuka mita 3,000, kila usiku usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Beding tulikaa siku mbili.

Toka Na hadi ziwani ni kupanda mita 400 hivi. Kinachozuia maji pale si mwamba, ni tuta la kokoto, mchanga na mawe yaliyosukumwa na barafuto (mto wa barafu), na ndani ya tuta bado mna barafu. Ikiyeyuka, tuta linatitia. Poromoko la theluji likidondokea ziwani, wimbi linaweza kuruka tuta na kulikata, na maji yakaufuata mto Tamakoshi.

Uholanzi ililipia mfereji wa kupunguza maji ya ziwa, uliokamilika mwaka 2000. Maji ya kijivu, kama saruji iliyokorogwa, yanapita kwenye malango ya chuma. Kuchimba kwenyewe si tabu sana. Tabu ni kuyashusha maji polepole, maana ukiyaachia kwa pupa yatalichimba tuta na utaleta balaa ileile uliyokuja kuizuia. Ziwa lilishuka mita 3. Ni ahueni tu, wataalamu walitaka lishuke zaidi sana.

Ving'ora vya kuwaonya wanavijiji viliwekwa mwaka 1998 kwa fedha za Benki ya Dunia: vihisio vya kugundua gharika mdomoni mwa ziwa, mawasiliano ya redio, vituo 19 katika vijiji 17. Kila kituo kilihitaji paneli ya sola na betri. Kijijini kusiko na umeme, vitu hivyo vina kazi kila usiku, ilhali gharika haijaja. Vikaibwa. Vita vya waasi wa Kimao navyo vikawazuia mafundi kupanda, na miaka michache baadaye mfumo ukanyamaza.

Tulishuka tena Beding, nyumba zikiwa kandokando ya mto. Ziwa likipasuka, hapa kuna dakika za kukimbia, si saa. Nikipewa bajeti ya mradi kama huu, naangalia kwanza nani atalipia betri za mwaka wa nne na posho ya mlinzi wa mlingoti wa king'ora.