Siku moja maishani mwangu: mchora hina na ua wa nyuma ya nyumba

Saa 11:30 alfajiri

Nishasali, maji ya chai yako jikoni, na mie niko uani na tochi ya simu nachuma langilangi. Ua hili hunukia zaidi usiku mpaka alfajiri. Jua likishalipiga harufu inapungua, na shangazi mtu aliyeagiza maua ya singo, ule mchanganyiko wa kumsugulia bibi harusi mwili, hatanilipa kwa langilangi lililolala. Nachagua yaliyogeuka manjano tu, ya kijani nayaacha juu yaive.

Bustani yenyewe si ya kupigiwa picha. Ni kipande cha ardhi nyuma ya nyumba yetu hapa Bububu, Unguja. Kuna mhina ukutani, mlangilangi tulioukata kilele ili tuufikie bila ngazi, asumini, mirihani kwenye madebe ya rangi, mkomamanga wenye maua mengi na matunda ya kubahatisha, na mpesheni uliopanda mpaka kwenye waya wa kuanikia nguo. Mama anataka tuung'oe mpesheni, apate pa kuanika. Mie nautetea, na sababu si juisi.

Saa 12:45 asubuhi

Huu ni wakati wa daftari. Jua bado liko chini, kila jani lina kivuli upande mmoja na mistari inaonekana. Ikifika saa nne mwanga unatoka juu na bustani nzima inakuwa bapa.

Watu hudhani natazama maua. Ua ni kazi nyepesi, hata aliyeshika koni ya hina juzi atakuchorea waridi. Kazi ni shina. Utatokaje kwenye kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole bila mstari kuonekana umechoka njiani? Hilo hulipati kwenye simu, maana picha inakuonyesha mchoro ulioisha, haikuonyeshi ulianzia wapi na uligeuka kwa nini.

Sasa utazame mpesheni. Una vile vikono vyembamba vinavyotafuta pa kujishika. Kikono kikishaupata waya hujisokota kama waya wa simu ya mezani, lakini kina shida: huku kimeshikwa na shina, kule kimeshikwa na waya, hakiwezi kujizungusha chote upande mmoja. Basi nusu yake huzunguka kulia, nusu kushoto, na katikati hubaki kipande kifupi kilichonyooka, pale kinapobadili nia. Kaviangalie vya kwenu kama mnao mti huo, utakuta ndivyo.

Nilipokiona hicho kipande nilijua pa kukiweka. Kwenye kidole, hina hupasuka kwenye kiungo, kwa sababu mtu hata umkanye vipi atakunja vidole. Ukijaza duara na nukta pale, zinamong'onyoka kabla hazijashika rangi. Sasa nalisokota shina langu upande mmoja hadi karibu na kiungo, nanyoosha mstari mmoja mwembamba juu ya kiungo chenyewe, kisha nalisokota upande wa pili. Wateja husema vidole vyao vinaonekana virefu. Wananisifu mie.

Mrihani nao una lake. Ushike shina kwa vidole: lina pembe nne. Majani hutoka mawili mawili, na jozi ya juu hailali juu ya jozi ya chini, hukaa kwenye nafasi iliyobaki, ili kila jani lipate jua lake. Mhina unapanga hivyo hivyo. Duara la kiganjani nalijenga kwa kanuni hiyo: jozi, nafasi, jozi. Halijazani hata ukiongeza tabaka la nne.

Leo nimechora vitumba vya asumini, vile ambavyo havijafunguka, petali zimefungana kwa kupandana. Nimejaza ukurasa. Kuku wa jirani amekula nusu ya mche wangu wa tatu wa mrihani wakati huo, lakini hilo tutaliongea na mwenyewe.

Saa 2:30

Boflo, chai ya tangawizi, kisha koni. Hina niliikoroga jana usiku: unga uliochungwa kwa kitambaa, ndimu, sukari kidogo na mafuta ya mkaratusi. Ndimu ndiyo inayoitoa rangi kwenye jani, na rangi haitaki haraka, inataka saa kadhaa. Najaribu kwa kutia tone kiganjani na kulifuta: likiacha alama ya chungwa, tayari. Majani ya mhina wangu nayachuma kiangazi, nayaanika kivulini. Jani la masika limejaa maji, rangi haba, na huo ni msimu ambao mti hupendeza zaidi kwa macho.

Saa 4:00

Daladala ya 502 kwenda mjini, sokoni Darajani, kutafuta ndimu na nailoni ya koni. Narudi kwa kupita vichochoroni Mji Mkongwe makusudi, kwa ajili ya milango. Waliochonga zile fremu za majani na yungiyungi walilijua tatizo langu. Ukifuata kwa jicho shina linalopanda ubavuni mwa mlango hulikuti limekatika, hata kwenye kona. Kwenye baadhi ya milango, pale konani mchongaji hutia ua. Siku hizi nami huitumia hila hiyo kwenye kifundo cha mguu.

Saa 8:00 mchana

Bibi harusi kaja na mama yake mdogo. Mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, umeingia, ndoa zimefululiza.

Simu ikatolewa. Anataka mtindo wa Khaliji, wa nchi za Ghuba, maua makubwa na ngozi nyingi wazi. Sawa, hiyo naipenda kuliko ile ya Kihindi ya kujaza mpaka kucha. Kisha mama mdogo akaongeza, "Na maua yenyewe yawe ya piko, mwanangu, yawe meusi."

"Piko sipaki, mama. Ile nyeusi ni rangi ya nywele, ina kemikali inayobabua. Ulaya wamekataza kuitia kwenye ngozi. Atakuja kuwa na malengelenge siku ya harusi."

"Mbona mie nilipaka, sikudhurika?"

"Wapo wasiodhurika, mama. Siwezi kumjua huyu ni yupi."

Akanitazama, akamtazama mtoto wake, akasema basi, lakini hina iive vizuri. Nikamwambia bibi harusi atoke uani achague mti. Hiyo ni desturi yangu, kila bibi harusi anapata mti mmoja unaotawala mchoro wake. Huyu kachagua komamanga. Sio tunda: lile taji dogo linalobaki petali zikianguka, lenye ncha zilizopinda. Nilifurahi. Wengi huchagua waridi, tena waridi sina.

Kazi ikaenda mpaka baada ya alasiri, mikono miwili na miguu. Taji za komamanga zimepanda mkono kwa zamu, moja inatazama nje, moja ndani, na vidole vyote vimepewa kikono cha mpesheni.

Saa 11:00 jioni

Kuchuma asumini. Vitumba huchumwa sasa, vikiwa vimefumba, vifungukie usiku kwenye kikuba, kile kishada cha maua cha kujipambia. Nafunga vikuba vinne kwa mrihani na kuvipeleka kwa jirani anayekwenda shughulini. Nimemkumbusha habari ya kuku wake. Kasema atamfunga. Hatamfunga.

Saa 2:30 usiku

Ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mdogo, kafuatisha picha. "Mwanangu, mbona rangi ya karoti?"

Nikamjibu: "Ndivyo inavyoanza, mama. Asitie maji mpaka kesho asubuhi, ajipake mafuta ya nazi. Kesho itakuwa kahawia, kesho kutwa ndiyo yenyewe. Kiganjani itakoza zaidi kuliko mgongoni mwa mkono, ngozi ya pale ni nene."

Akajibu kwamba dada yake bibi harusi naye anataka, wiki ijayo, ila bajeti ni ndogo, nimfanyie vidole tu. Nimempangia Jumatano saa nane. Vidole tu ni mpesheni mtupu, na mama yangu kaambiwa nguo zitaanikwa barazani.