Jina la zamani lilikuwa bado lina mambo

Mwanachama mmoja wa mfumo ninaousimamia aliniomba nimbadilishie jina la akaunti; lile la mwanzo alilichagua akiwa bado msichana wa shule na sasa lilimwonea haya. Nikaingia kwenye kanzidata, nikabadilisha jina katika jedwali la watumiaji, nikamjibu: "Tayari, dada."

Kesho yake asubuhi: "Kaka, ujumbe wangu wote umekwenda wapi?"

Ujumbe ulikuwepo. Ila jedwali la ujumbe lilimtambua mwenyewe kwa jina, na majedwali ya picha, ruhusa na rasimu vivyo hivyo. Nikayarekebisha haraka haraka. La rasimu likanipita.

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wiki 3 baadaye mtu mwingine kabisa alijisajili kwa lile jina la zamani, maana mfumo ulimwambia halina mwenyewe. Kufungua tu, akakuta rasimu 11 za mtu asiyemjua. Mojawapo ilikuwa barua kwa mama mzazi, haijamalizika. Aliniarifu kiungwana, na ikabidi nimpigie dada yule simu nimweleze.

Sasa kila jedwali langu linamshika mtu kwa namba aliyopewa siku ya kujisajili. Jina linakaa mahali pamoja tu. Nikikuta mfumo wa zamani unaotumia majina, naweka mabadiliko yote ndani ya muamala mmoja: yapite yote au lisipite hata moja. Na kama unatumia SQLite, programu ya kanzidata, angalia sana: funguo za nje, yaani viungo vinavyofunga jedwali moja na jingine, hazikaguliwi mpaka uandike amri PRAGMA foreign_keys = ON, tena kila unapounganisha upya. Bila hivyo inanyamaza tu.

Kufuta akaunti ni kugumu zaidi. Ukiweka ON DELETE CASCADE, agizo la kufuta pia kila kilichofungwa na akaunti hiyo, barua zinafutika hata kwa yule aliyezipokea, na mimi naona barua iliyokwisha kupokelewa ni ya watu wawili. Kwa hiyo naondoa jina la mwandishi na kuiacha barua. Rasimu, nenosiri na anwani yake ya barua pepe nafuta kabisa.

Namba nayo asirithishwe mtu. Kwenye Linux, ukifuta mtumiaji ukaacha faili zake, zinabaki na namba yake. Akaunti mpya ikipewa namba hiyo, faili zinakuwa zake.

Majina yaliyoachwa nayo nayatunza katika jedwali lao, asiyachukue mtu mwingine. La dada yule ndilo mstari wa kwanza.